Uko na Nani?

Mitandaoni, mwanamke anayesafiri peke yake utamjua kwa mgongo. Amesimama juu ya jiwe, kofia pana kichwani, anatazama milima, na hakuna binadamu mwingine karibu. Kila nikiiona picha hiyo huwa nauliza: nani aliyeipiga, na mkoba wa dada huyu kaushika nani? Maana kwetu, mwanamke akipanda basi peke yake asubuhi, kufikia saa nne ana mtoto, ana mkwe mtarajiwa na ana ndoo ya samaki isiyo yake.

Nilitaka kwenda Mbeya kupumzika. Nilikuwa na likizo, riwaya nene na siti ya dirishani. Mama aliposikia aliuliza swali moja tu.

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Kuna msiba?"

Kwa mama, mwanamke husafiri peke yake kwa sababu tatu: msiba, mgonjwa, au ameachika. Mimi sijaolewa, kwa hiyo ya tatu ilifutwa, na mgonjwa hakuwepo. Nilipomwambia ninakwenda kupumzisha kichwa tu, alinyamaza, kisha akaingia chumbani kumpigia simu shangazi. Jioni ile mizigo ikaanza kuwasili. Ndoo ya samaki wa kukaanga ilikuwa ya binamu wa Mbalizi. Kulikuwa na mfuko wa nguo za mtoto nisiyemjua, na nazi kadhaa, kwa sababu watu wa bara, alisema shangazi, wanateseka.

Stendi Kuu ya Magufuli, kule Mbezi, abiria hulindwa na mageti, mashine na walinzi. Mama alivuka vyote akaingia hadi ndani ya basi. Alitembea ujiani polepole akiwakagua abiria, akamchagua mama mmoja mnene mwenye kitenge cha zambarau, akamwamkia, na baada ya salamu za pande zote mbili akasema, "Dada yangu, nakukabidhi mwanangu." Mwana mwenyewe nimepita miaka thelathini, nalipa kodi ya mapato na nina watu wawili chini yangu ofisini. Nilikabidhiwa bila hata risiti. Kisha akamgeukia konda: "Baba, huyu anashuka Mbeya. Usije ukampitiliza." Basi lenyewe lilikuwa linaishia Mbeya.

Mama wa kitenge alikuwa mtu wa Uyole, na kazi aliyopewa aliichukulia kwa uzito. Kabla hatujafika Kibaha alikwisha kujua mshahara wangu kwa makisio, kanisa langu, na sababu ya kuachana na yule kijana wa Tabata, ambayo hata mimi nilikuwa bado nairekebisha. Riwaya ilikuwa wazi mapajani, ukurasa wa kwanza.

Msamvu, Morogoro, dada aliyekaa upande wa pili wa ujia akainuka. "Dada, nishikie mtoto mara moja, nakuja." Nikamshika. Mtoto wa miezi kama sita, mzito, mwenye macho ya mkaguzi wa mahesabu. Dada akashuka, na dereva akawasha gari.

Sijawahi kuona abiria wakiungana vile. "Mama hajapandaa!" walipiga kelele, na basi likasimama. Konda akaja, akaniangalia, akaangalia mtoto, akasema, "Si huyu hapa?" Nilipoanza kueleza, mtoto akalia, na bibi mmoja wa siti za nyuma akaniamuru nimnyonyeshe niache maneno. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi hawanyonyeshi, wanaogopa kuharibika. Mjadala ulikuwa umefika kwenye maziwa ya kopo na bei yake wakati mama halisi alipopanda, mayai ya kuchemsha mkononi, bila jasho wala haraka. "Nilijua haliwezi kuondoka," aliniambia. "Umemkalisha vibaya lakini."

Baada ya Morogoro barabara huingia Hifadhi ya Mikumi na kukaa humo kwa takriban kilomita 50. Ni njia nzuri sana. Twiga wanakula pembeni, nyani wanakaa kwenye lami, na dereva anakwenda taratibu, kwa sababu humo kila mnyama ana bei yake ya faini, na ya tembo au twiga haizungumzwi kwa shilingi chache. Kusimama simama haifai. Ndiyo maana wengi wa abiria wanaosifu uzuri wa Mikumi ni wale ambao hawakunywa maji Morogoro. Sisi tuliokunywa tulikuwa tunahesabu nguzo.

Basi lilipotoka hifadhini na kusimama, konda alitangaza kuchimba dawa. "Wanaume kushoto, kinamama kulia! Dakika tano!" Wanaume walishuka, wakageuka, wakamaliza. Hawajui kitu hawa. Kwa kinamama kuchimba dawa ni shughuli yenye uongozi, na uongozi aliuchukua mama wa Uyole. Aliuliza nani ana khanga. Nilikuwa na doti mpya, sijaikata. Ikakatwa pale pale, kwa meno. Kipande kimoja kikawa ukuta, wanawake wawili wakikishika kwa zamu, na tukaingia nyuma yake kwa utaratibu wa wazee kwanza na wajawazito.

Khanga ile nilikuwa nimenunuliwa na rafiki yangu, na jina lake lilikuwa MTAJIJU. Ukuta uliposimamishwa, maandishi yalielekea barabarani. Malori yanayokwenda Tunduma yalipita yakisoma, na karibu kila dereva alijibu kwa honi. Bibi wa siti za nyuma, akiwa kazini, alidhani ni basi letu linaondoka, akatoka mbio kabla ya muda wake. Tuliomwona hatutasema.

Kile kipande hakikurudi kwangu. Kilipita mkono hadi mkono, mtu akafunikia mtoto, mwingine akabebea vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na Ilula kikashuka na mwenyewe mpya. Mimi nikapewa kingine, cha kijani, kilichochakaa, na hakuna aliyeona dosari katika mabadilishano hayo.

Kabla ya Ilula, basi lilipopanda Kitonga, watu walinyamaza. Kona zile huwarudisha wengi kwenye dini. Iringa ilipopita mama wa Uyole akatoa simu. Ana mdogo wake, alisema, fundi ujenzi, ana kiwanja, hanywi. Akaweka sauti kubwa. "Nipo naye hapa," alimwambia. "Mtoto wa watu, mpole." Yule bwana akauliza, "Anapenda watoto?" Sikupata nafasi ya kufungua kinywa. Nusu ya basi ilimjibu: "Anashika vizuri, tumemwona Msamvu!" Yule mwenye mayai akaongeza, kwa haki, kwamba kidogo nalaza shingo.

Mbeya tulifika usiku. Kijana mmoja akanyakua begi langu na ndoo ya samaki, akasema, "Karibu dada, nakusubiri wewe." Nilimsalimia kwa adabu zote za mtu anayekutana na mchumba, nikamwulizia kiwanja. Alikuwa dereva wa bajaji.

Gesti niliyolala, dada wa mapokezi aliandika jina langu, kabila, nitokako na niendako, kisha akauliza, "Mko wangapi?" Nikasema mmoja. Akanipa taulo mbili na ndala jozi mbili zilizokatwa kona ili zisiibwe. "Akija," alisema.

Huwa najifariji kwa Siti binti Saad. Alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifuatana na wapiga ala wake. Angalau wake walijua kupiga udi.

Kurudi nilichagua treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Nilichagua kwa sababu ya utaratibu wake: kwenye vyumba vya kulala, wanawake chumba chao na wanaume chao, isipokuwa mkikinunua chumba kizima. Daraja la pili vitanda sita. Nikajisemea, humu nitasoma.

Kati yetu sita mmoja alikuwa bibi harusi wa juzi. Mumewe alipangiwa chumba cha wanaume, akawa anakuja kusimama ujiani na kupiga hodi. Bibi wa kitanda cha chini alimfungulia kwa upana wa uso mmoja. "Unamtaka nani, baba? Una shida gani?" Kijana wa watu, aliyekwisha kulipa mahari yote, akaanza kujieleza upya. Kati ya Makambako na Mlimba reli hupita kwenye mahandaki mengi, na kila giza lilipoingia tulimsikia akiita jina la mkewe nje ya mlango, na mwanga uliporudi ndizi zetu zilikuwa zimepungua. Mlimba alileta wali na kuku. Tulipokea, tukala, tukamshukuru. Ifakara alipobisha tena, bibi harusi alikuwa anasukwa nywele huku anasikiliza siri za ndoa za wanawake watano, mmoja wao asiye na ndoa lakini mwenye maoni. "Mwambieni nimelala," alisema.

Riwaya iko nyumbani, ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo dada unayetaka kusafiri peke yako, usiogope, kata tiketi. Beba khanga isiyo na maneno, usinywe maji Morogoro, na asije mtu akakuambia "mara moja". Ukiulizwa uko na nani, sema mume wako amekaa siti za nyuma. Kabla ya Chalinze watakuwa wamekwenda kumsalimia.