Teneri Ni Private

Jamani, mi nimechoka. Nani aliwaambia vijana kwamba mzee wa Kolwezi anahitaji Java? Mtoto wa dada yangu, huyo anayesoma informatiki, alinikuta nahangaika na daftari la mifuko yangu ya mawe. "Tonton, weka kalamu chini. Nitakufundisha kuandika programu." Nikakubali. Mi nakubali kila kitu, ndiyo maana sina kitu.

Sikia mateso. Ukisahau nukta-mkato moja, mashine inagoma. Ukiandika Mfuko kwa herufi kubwa huku, mfuko kwa ndogo kule, inasema haijuani na huyo wa pili. Tena inafoka kwa Kiingereza, mi ambaye hata Kifaransa kilinishinda shuleni! Eti Java ilitolewa 1995 na James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems, na mwanzoni iliitwa Oak, jina la mti uliokuwa nje ya ofisi ya Gosling. Bwana kakaa anatazama mti, mi natoka jasho hapa Dilala. Na mambo ya klasi yalianza hata kabla yake, miaka ya 1960, kwa Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lugha yao Simula. Baridi yote ile, walikosa kazi nyingine?

Haya, somo. Klasi ni mchoro tu, haina uzito wala vumbi. Ukiandika new, ndipo objekti inazaliwa, mfuko wenyewe. Nikauliza, nikiandika new mara mia?

"Unapata mifuko mia, tonton."

Ya kobalti?

"Ukitaka."

Na pale mtaa wa Kasulo watu wametoboa sakafu za vyumba vya kulala tangu 2014 wakiitafuta hiyo hiyo kobalti! Nikaandika new. Nikatoka kuangalia uani. Mbuzi wa jirani peke yake, ananitazama kwa dharau.

Tukaingia kwenye urithi. MfukoWaKobalti unachukua kila kitu cha Mfuko, uzito, bei, metodi zote, bila kikao cha ukoo. Marehemu baba, mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliniachia kofia ngumu moja. Shangazi akaichukua.

Lakini kilichoniuma ni private. Kijana kaweka teneri, ile asilimia ya madini ndani ya jiwe, kuwa private. Maana yake mtu wa nje haigusi wala haioni, anaomba kwa metodi na kungoja jibu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nielewe mara ngapi? Pale depo mnunuzi ana kimashine chake kama bastola. Anakigusisha kwenye jiwe, anasoma mwenyewe, anakigeuzia kifuani, anatamka namba. Namba ndogo kila siku. Mi na mfuko wangu niliobeba mgongoni, ndimi mtu wa nje!

Nikabeba laptop mpaka depo. Nikaifungua juu ya mfuko, vumbi likaingia kwenye vitufe. Programu ikauliza teneri. Sina. Nikaacha wazi, nikabonyeza. NullPointerException! Mnunuzi akawaita wenzake waje kusoma. Walisoma kwa sauti, wakicheka. Mzee Tony Hoare, Mwingereza aliyeileta hiyo null mwaka 1965, alijilaumu hadharani 2009 kwamba huenda imegharimu dola bilioni moja. Mi siku ile sikuwa na hata faranga za pikipiki. Nilirudi kwa miguu, laptop kichwani.

Sasa programu inafanya kazi, usinicheke. Uzito naupima nyumbani. Bei imeandikwa ubaoni pale depo, kila teneri na bei yake. Teneri yenyewe bado inatoka mdomoni mwa yule bwana, na Java inaizidisha vizuri sana, inanipa hasara yangu mpaka senti ya mwisho.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unamjua mtu mwenye kimashine cha kupima cha kukodisha, mwambie anitafute. Na kama una betri ya laptop isiyo na kazi, ilete pia. Yangu inazima kabla sijafika kwenye bei, wakati zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo hii hii.