Jinsi ya Kupika Muthokoi Kabla Mgeni Hajalala

Kwanza, shusha blenda. Iko juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ishushe, ipanguse vumbi, kisha irudishe ulikoitoa. Muthokoi hauna kazi nayo, na nakwambia mapema usije ukapoteza jioni nzima ukitafuta kitufe cha kukoboa mahindi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine nyingi, njaa moja, na mgeni aliyepiga simu akiwa Sultan Hamud kusema yuko njiani.

Ikiwa simu hiyo ndiyo imekushtua hivi sasa, mpikie mgeni ugali na mayai. Muthokoi huanza jana. Mahindi yaliyokobolewa na mbaazi kavu, zile tunazoziita nzuu, vinataka kulala majini usiku mzima kwanza, na hakuna kifaa kinachouzwa duka lolote la Emali kitakachokuombea msamaha kwa kuruka hatua hiyo.

Basi turudi jana, sokoni. Emali ni njia panda: barabara kuu ya Mombasa inapita katikati, na nyingine inakata kwenda Loitokitok, ikirudi na nyanya na vitunguu vya mashamba ya Kimana. Nafaka utazikuta magunia yamekunjwa midomo, gorogoro limekaa juu. Usiulize bei kwanza. Salimia, uliza habari za nyumbani, ndipo useme, "Mama, haya mahindi ni ya msimu upi?" Atakujibu ni mapya, mwanangu. Huenda ni kweli. Chukua punje uiume: iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio, isiyokauka hukubali meno. Kisha nusa kiganja. Harufu ya ukungu haiondoki kwa kitunguu wala kwa maombi.

Hapa nitasimama kidogo, maana jambo hili linanigusa. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi, ile aflatoksini, iliwafanya watu 317 waugue katika nchi hii, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Walikula chakula cha nyumbani kwao, kilichohifadhiwa kikiwa na unyevu. Watafiti wamepima muthokoi na kukuta kwamba kukoboa hupunguza sumu hiyo, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Kuchemsha nako hakuitoi. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kabisa cha jikoni ninachotaka ukimiliki, kabla ya kikaangio cha hewa na kabla ya mashine ya kahawa, ni chupa ya soda iliyokauka vizuri.

Inafanya kazi hivi. Tia mahindi mpaka thuluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ziba, utikise kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15: yarudishe juani kabla hujayaweka ghalani. Chumvi ikishuka yote chini, yanahifadhika. Chupa hiyo haihitaji stima wala fundi. Iweke wewe juu ya kabati, na uivike kitambaa ukipenda. Inastahili kuliko blenda.

Sasa kinu. Susu, yaani bibi yangu, alikuwa akinyunyizia mahindi maji kidogo sana, kiasi cha kulegeza ganda bila kulowesha punje, halafu wanawake wawili wanasimama kila mmoja na mchi wake, wakipishana. Ukiwa mtoto ndani ya nyumba ulijua kutokana na mlio peke yake kama mahindi bado yana maganda: mwanzoni mchi hutoa sauti kavu, ganda likitoka sauti inazama. Kisha ungo, pumba zinaruka, kuku wanakusanyika bila kuitwa. Ustadi wote uko kwenye mkono unaopiga bila kuvunja. Punje iliyovunjika huwa uji chini ya sufuria na kuungua.

Kama huna kinu, nenda posho mill. Mashine ya kukoboa inafanya kazi safi, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Wanawake waliotwanga miaka yote hiyo ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni mashine ilipofika, nao walijua walichokuwa wakikikimbia. Ninachokuomba ni kimoja tu: mwambie kijana wa mashine asizidishe, na umsimamie. Akikoboa mpaka punje iwe nyeupe kama chumvi, amekuondolea utamu pamoja na ganda. Ukiachiwa alama ndogo za manjano, shukuru.

Kulowesha nako kuna adabu yake. Muthokoi chombo chake, nzuu chombo chake. Tia chumvi kidogo kwenye maji ya nzuu. Chumvi hulegeza ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, nayo yataondoka na sehemu ya ile gesi inayomfanya mgeni akae upande mmoja wa kiti. Maji ya kupikia yachague pia. Ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi na ugumu, na madini yake huikaza mbegu badala ya kuilainisha. Kama umeteka ya mvua, au umepata zamu ya maji ya Nolturesh yanayoteremka kutoka upande wa Kilimanjaro, hiyo ndiyo siku ya kupika nafaka. Magadi, ndiyo, hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Ukilazimika, iwe punje ndogo tu, na usimwambie susu.

Tumefika motoni, mahali mashine zinapotamani kuzungumza. Emali iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndiyo sababu shemeji yako wa Mombasa hukushangaa kwa kuchelewa. Sufuria ya presha huitatua shida hii kwa kufungia mvuke hadi joto likaribie nyuzi 120. Mfaransa Denis Papin aliibuni mwaka 1679, na mimi namheshimu. Inunue ukiweza. Ijaze nusu tu, maana nzuu hutoa povu na ganda moja likiziba tundu la mvuke utakuwa umempikia mgeni dari. Ile ya umeme ni nzuri zaidi kwa mfuko kuliko watu wanavyodhani, na Kenya Power wameipigia debe kwenye kampeni yao ya Pika na Power. Lakini jua kwamba stima ikipotea katikati, kifuniko kitabaki kimefungwa na wewe umesimama mbele yake na kijiko. Usilazimishe. Subiri presha ishuke.

Meko ya gesi usiimalizie kwenye muthokoi, kesho hutakuwa na ya chai. Makaa yatumie kwa kiasi: Kitui walipiga marufuku biashara yake mwaka 2018 baada ya kuona vilima vinabaki wazi, na vilima vya Makueni ni ndugu wa vile. Ukichoma makaa, basi jiko liwe lile la moyo wa udongo lililobuniwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, linaloshika joto badala ya kulimwaga mguuni mwako.

Na hapa ndipo ninapokushika mkono. Chukua kapu kubwa la kufuma. Litandike ndani nguo kuukuu, blanketi lililochoka, mto wa pamba juu wa kufunikia. Chemsha muthokoi na nzuu kwa moto mkali nusu saa, kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha tumbukiza sufuria nzima kapuni ikiwa bado inatokota, funika vizuri, uondoke. Nenda kanisani. Nenda kalishe mbuzi. Baada ya saa nne hivi chakula kitakuwa kimelainika, bila kuungua, bila moto, bila mtu kukilinda. Maofisa wa kilimo wamelifundisha kapu hili kwa vikundi vya akina mama miaka mingi, na bado nyumba nyingi zenye kikaangio cha hewa hazina kapu. Hilo linaniuma kweli. Ukikuta punje bado zinabisha, rudisha motoni dakika kumi, urudishe kapuni.

Nyanya zisubiri mpaka mwisho. Uchachu wake ukiingia mapema mbegu hukaza na hazilegei tena, hata uzikeshee. Kaanga kitunguu cha Loitokitok mpaka kipate rangi, tia nyanya, zifie hapo, ndipo umimine muthokoi uliokwisha kuiva. Dania ukipenda. Royco wengine hutia. Mimi naona nzuu iliyolala vizuri inajieleza yenyewe.

Mgeni akifika mapema, mwambie ukweli: bado. Mpe maji ya kunawa, mpe kiti kivulini. Kama ni kati ya Desemba na Februari, maembe ya Makueni yamejaa, na sasa blenda iitwe kazini. Embe la ngowe, maji kidogo, sukari hapana. Atanyamaza hadi sufuria itoke kapuni.

Mpakulie sana. Akimaliza mpakulie tena bila kumuuliza, kwa sababu ukimuuliza atasema ameshiba, naye hajashiba. Kitakachobaki ni kiporo cha asubuhi na chai ya rangi, na huo ndio mlo ninaoutetea kuliko wote: nzuu zimelala na mahindi, ladha zimeingiana, unapasha kwenye kikaango hadi upande mmoja ushike.

Akiwa anarudi Nairobi kwa treni, mfungie kwenye mkebe. Uache upoe kabisa kwanza. Ukifunika ukiwa bado unafuka mvuke, utachacha kabla hajafika Athi River.