Tumbo la Chui, Shughuli ya Mtaa Mzima

Majengo ya Nyeri nyumba zimebanana, kwa hiyo tumbo la Chui si siri ya mtu. Chui ni paka wa miaka 14, mwenye madoa mgongoni na ukali uliobaki machoni tu. Akitapika alfajiri, majirani wana habari kabla chai haijachemka. Akifunga choo wanajua pia, maana hulia juu ya mchanga wake kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Kutapika kwenyewe kuna adabu zake. Penye sakafu ya saruji na mkeka wa kuswalia, Chui huchagua mkeka. Bibi mwenye paka anaijua vizuri hadithi ya Abu Qatada, kwamba paka si najisi na maji aliyokunywa yanafaa kwa udhu. Lakini hadithi hiyo inahusu maji yanayoingia mdomoni mwa paka. Omena zinazotoka ni kesi nyingine, na mkeka hufuliwa.

Mtaani kila mtu ni daktari. Jirani wa kwanza alileta maziwa ya moto. Nyeri ni nchi ya maziwa, nani angekataa? Tatizo ni kwamba paka wengi wakishakua hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Sukari hiyo huvuta maji utumboni, ikachacha, mambo yakamwagika. Chui aliyekuwa amefunga choo akafunguka usiku huohuo, juu ya kanzu ya mgeni.

Wa pili akaja na supu ya mifupa iliyojaa vitunguu, navyo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Wa tatu alikuja na nusu kidonge cha parasetamoli. Hapo bibi alifunga mlango.

Akaenda agroveti.

"Shosho, ng'ombe wako ana kilo ngapi?" kijana wa dukani akauliza, mkono tayari kwenye chupa ya dawa ya minyoo.

"Si ng'ombe, mwanangu. Ni paka."

Kijana akatazama chupa iliyochorwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, akairudisha rafuni polepole. "Basi shosho, huyo mpeleke kwa daktari."

Daktari wa mifugo, mtu aliyezoea kuzalisha ng'ombe wa maziwa, alimpapasa Chui tumbo kwa vidole viwili na kukuta kinyesi kigumu kimejipanga. Akaeleza kwamba kwa paka wa umri huo, kutapika na kukonda kunaweza kutoka kwenye figo, tezi ya shingo au uvimbe wa utumbo, hivyo damu ipimwe. Nyumbani anywe maji mengi, ale chakula laini kidogo kidogo, achanwe manyoya asiyameze, na apewe dawa ya maji ya kulainisha choo, kwa sirinji.

Sirinji ndiyo iliyoleta kasheshe. Chui alifungwa kwenye leso, kichwa tu nje. Dawa ilifika ukutani, kwenye miwani ya bibi, na kidogo sana kwa mgonjwa.

Mjini humohumo, makaburini mwa kanisa la Mtakatifu Petro, amelala Jim Corbett, mwindaji aliyefariki Nyeri mwaka 1955. Mwaka 1926 alimuua chui wa Rudraprayag, India, anayesemekana kula watu 125. Lakini Corbett alikuwa na bunduki, na hakuna aliyemtaka amnyweshe chui yule dawa asubuhi na jioni.

Siku hizi Chui anakula chakula cha kopo, kwa bei ambayo bibi hawatajii majirani. Choo chake kimetulia. Mkeka bado hajausamehe.

Nawe mwenye paka mzee, akikataa chakula siku nzima usingoje ushauri wa mtaa: akikaa na njaa siku chache tu, mafuta huweza kurundikana kwenye ini na kumuua. Mpeleke kwa daktari. Na parasetamoli iache kwa watu, kwani hata kidonge kimoja chaweza kumuua paka.