Kilimo cha Mwani Sebuleni

Wanawake wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, hufunga mbegu za mwani kwenye kamba, husubiri maji yapwe, huinama juani huku chumvi ikiwala miguu, na bei wanapangiwa na mnunuzi. Wewe uliyejaza tangi lako la kioo juzi, ukapanda na vimajani vyako, huna haja ya tabu hiyo. Mwani utaupata hapohapo kando ya televisheni.

Kazi inaanza na taa. Wajuzi watakwambia tangi changa litosheke na saa 6 hadi 8 kwa siku. Uchoyo tu huo. Samaki umewanunua kwa pesa yako, uwatazame nusu siku kwa nini? Washa ukiamka, zima ukienda kulala. Kama kuna dirisha linalopigwa na jua, sogeza tangi hapo, maana jua halina mgao. Mimea yako bado inahangaika kushika mizizi, haina pa kuupeleka mwanga wote huo. Mwani unapo.

Mimea yenyewe ichague kwa busara. Anubiasi inafaa sana: mtoto wa vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, mzuri, mgumu, tena mvivu wa kukua, kwa hiyo jani moja litakaa muda wa kutosha kuota manyoya. Epuka valisneria na mingine inayokua mbiombio. Hiyo ina roho mbaya, inakula virutubisho vyote na kuuacha mwani na njaa.

Sasa mbolea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kutulia kwenye tangi jipya. Usiwasubiri. Tia samaki siku ileile, walishe kila mgeni anapopiga hodi, na chembe zinazozama ziache zioze kwenye changarawe. Kila Jumamosi toa sponji ya kichujio, isugue chini ya bomba mpaka ing'ae. Ule uchafu wa kahawia unaokwenda na maji ndio makazi ya hao bakteria, na klorini itawamaliza watakaobaki.

Mavuno ya kwanza ni vumbi la kahawia juu ya kioo na majani. Ukipitisha kidole linatoka lote, unabaki na mstari safi kama umechorwa kwa rula. Hizo ni daiatomu. Hatari yake ni kwamba tangi likikomaa huondoka zenyewe, bila senti yako hata moja, kwa hiyo wahi kumimina dawa. Baadhi ya dawa za mwani zina shaba, na shaba huwaua uduvi, walewale ambao Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea wa Japani, aliwapa umaarufu miaka ya 1980 kwa ulafi wao wa mwani. Mshindani mmoja huyo, kwisha.

Baadaye kioo kitaota madoa ya kijani yasiyotoka kwa kitambaa. Yakwangue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Akitokea jamaa wa kukushauri ubadilishe nusu ya maji kila wiki, taa uifungie saa ya kuizima, upande majani mengi kisha uache kuchokonoa, mpe chai tu. Asiguse swichi.

Dukani watakuuzia "samaki wa kusafisha", plekosi mwenye urefu wa kidole, amebandika mdomo kwenye kioo kama mtu wa kazi kweli. Mchukue. Huyo hukua kupita sentimita 30, hung'oa mimea akigeuka, na kinyesi chake ni mbolea safi kabisa. Akishafika hapo, tangi halimtoshi tena, itabidi ununue kubwa zaidi, jipya, lisilo na bakteria hata mmoja. Muulize muuzaji kama ana taa ya wati nyingi.