Mbwa Kwenye Mnyororo

Mvua ya upepo ikishapita Tabora, chini ya miembe ya njia ya misafara kuna kazi moja tu: kuokota embe. Hapo ndipo anatokeza bwana mmoja na mbwa kwenye mnyororo, ati anamtembeza. Ampeleke wapi? Mbwa wa huku mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa alinde. Bustani ya mapumziko haijui, wala hakuiomba. Watoto mbio. Muuza vitumbua akauliza, "Baba, kamuuma nani huyo mpaka unampeleka kituoni?" Mbwa mwenyewe akaketi dimbwini, akagoma, ikabidi aitiwe bodaboda.

Tusimwonee, mtindo huu una wakubwa wake. Msafiri Stanley mwaka 1871 alikuja na Omar, mbwa wake wa ulinzi. Omar akafa karibu na kuingia Ugogo, Tabora hakuiona. Msafiri mwenzake Livingstone, aliyekaa Kwihara, hapa Tabora, mwaka 1872, wa kwake aliitwa Chitane. Alizama Januari 1867 wakivuka kinamasi. Nguo, shanga na nyaya zilibebwa na wapagazi. Mbwa akaachiwa miguu yake.