Namna ya Kuishi kwa Amani na Tairi la Nyuma Linalovuja

Gari likianza kuvuja kwenye tairi la nyuma, mwenye gari wa Bukoba ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipeleka kwa fundi, dramu ifunguliwe, kilichokufa kibadilishwe. Ya pili ni kuongeza mafuta ya breki kila Jumatatu na kumwachia Mungu kazi ya Jumanne hadi Jumapili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa njia ya pili. Wa njia ya kwanza hawahitaji ushauri, na kwa jinsi ninavyoyaona magari yakiingia stendi, hawazidi kujaa Noah moja.

Kitu cha kwanza ni kujizoeza kutoona. Kwa hili Kagera tumependelewa. Mjini Bukoba mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi haipati nafasi ya kukauka vizuri. Kwa hiyo ukikuta tairi limelowa kwa ndani, sema ni umande. Ukikuta doa chini ya gari, sema ni la jirani aliyegeuzia hapo jana. Kwa vyovyote usitandike boksi kavu chini ya tairi usiku ukaliangalia asubuhi, kwa sababu maji hukauka na kuliacha boksi lilivyo, lakini mafuta hubaki. Ukishaliona doa lenyewe huwezi tena kusema hukujua.

Ikitokea bahati mbaya umegusa, sasa una kazi ya kujua umegusa nini. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza vidoleni, yakizeeka yanakuwa ya kahawia, na yanaoshika kwa maji. Yakimwagikia bodi yanababua rangi, na ndiyo maana kuna rimu nzuri zilizoanza kuchubuka bila kugongwa na mtu. Oili ya difu ni nzito, nyeusi, inanuka yai viza, na harufu yake haitoki mkononi hata ukila senene. Mafuta ya shokapu nayo huanzia juu, yakachora mstari kwenye bomba lake hadi chini. Angalia ulowevu umeanzia wapi, usiangalie umeishia wapi, maana tairi likizunguka linapaka kila kitu.

Hapa naomba radhi kwa kutoa siri ya watu. Hiace, Hilux na Noah zile za zamani zina difu nyuma, na sili ya ekseli ikichoka, oili inaingia ndani ya dramu na kulowesha breki shuu. Lakini Probox ya kawaida, au IST, inavutwa na matairi ya mbele. Nyuma haina difu. Fundi akikwambia sili ya difu ya Probox yako imekufa, mwambie kwa heshima zote, "Waitu fundi, naomba unionyeshe hiyo difu." Kisha mpe muda aitafute.

Tatizo ni kwamba mwenye gari wa kwetu haji gereji kuuliza. Nshomile, yaani msomi wetu, anakuja amekwisha soma. Anasimama juu ya fundi, funguo kidoleni, na kumweleza kwa Kiingereza jinsi breki inavyofanya kazi. Fundi, ambaye tangu asubuhi yuko chini ya gari la mwalimu mwingine, anaitikia, "Sawa mzee, umesema kweli," kisha anafanya alichokusudia kufanya. Wote wawili wanaridhika. Dramu haijafunguliwa.

Tuje kwenye ufundi wenyewe wa kuahirisha. Njia inayopendwa ni kuongeza. Nunua chupa ya mafuta ya breki, iweke chini ya kiti, na usiifunge vizuri. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha kila mtu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha kupimiwa viwango, hukubalika yakichemka hata kwenye 140. Ukiwa Kashai huoni tofauti. Subiri siku ushuke kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe ukiwa umepakia watu na mikungu ya ndizi, mguu juu ya breki muda wote kwa sababu hutaki kuweka gia ndogo. Mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye paipu, na pedeli inazama hadi sakafuni kwa ulaini ambao hujawahi kuufurahia. Maji hayo hayo ndiyo yanayoitoboa silinda ya tairi kwa kutu, kutu inazichana raba, na uvujaji unaongezeka. Utahitaji chupa kubwa zaidi.

Chupa ikiisha njiani, watatokea washauri wawili. Mmoja atakwambia weka maji ya sabuni. Mwingine, mwenye roho nzuri zaidi, atakupa oili ya injini. Oili ya injini huvimbisha raba za breki, na haichagui ile iliyoharibika tu. Huanzia masta silinda ikaenda hadi miguu yote minne. Kwa raba mbili ulizokataa kununua, utanunua za gari zima, na paipu za mpira juu yake.

Njia ya pili ni kuua mguu. Fundi anabana paipu ya tairi linalovuja kwa koleo au anaiziba, mafuta hayafiki tena huko, hayavuji, na wewe unaondoka umefurahi kwamba umepona. Tairi moja la nyuma sasa linasindikiza tu. Ukifunga breki ghafla kwenye lami iliyolowa, gari linavutia upande, na madereva wa kazi hii wanajua kukata usukani kidogo kabla ya kukanyaga. Ni ujuzi mkubwa. Anayemkabidhi deiwaka gari hilo Jumapili ajitahidi kukumbuka kumwambia.

Njia ya tatu ndiyo yenye mvuto kwa watazamaji. Breki shuu zilizolowa mafuta zinamwagiwa petroli, zinawashwa moto, kisha zinasuguliwa msasa. Moshi unapanda, watoto wanakusanyika, na kweli ukitoka hapo breki inakamata. Lakini mafuta yamekwisha ingia ndani ya shuu. Joto la siku chache likishayaita, yanarudi juu, na breki inaanza ama kuteleza ama kung'ata ghafla upande mmoja. Shuu iliyolowa ni ya kutupa, na inatupwa pamoja na wenzake wa upande wa pili, hata kama wa upande wa pili hawana kosa.

Nyongeza kwa wenye magari ya biashara: usilipeleke gari gereji siku ya kazi, kwa kuwa hesabu ya tajiri haijui breki. Siku ya mapumziko nayo ni ya harusi. Ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama, bandika stika kwenye kioo cha mbele, ambako kwa bahati nzuri ni mbali kabisa na tairi la nyuma.

Utauliza, kama mambo ndiyo haya, mbona watu wa kuahirisha bado tunakutana nao sokoni? Jibu liko ndani ya masta silinda. Ina vyumba viwili, kila kimoja kikilisha matairi mawili, ili upande mmoja ukiishiwa mafuta mwingine ubaki na kitu. Waliobuni mpango huo walikusudia ukufikishe kwa fundi. Hawakukusudia ukufikishe Muleba na kurudi kwa miezi minane.

Kwa wale wenye moyo mwepesi ambao bado wanang'ang'ania kutengeneza, nitasema kwa kifupi. Egesha pasipo mteremko, ambapo kwetu ni kazi ya kutafuta. Weka mawe matairi ya mbele, achia handbreki, na gari likishapanda juu ya jeki liwekee stendi. Ukimaliza ondoa mawe. Ninyi mnaoyaacha katikati ya barabara mnajijua. Dramu ikigoma, usiipige nyundo kwa hasira. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8, kaza zamu kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, maana shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe ulifute.

Fungua upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima ili ukisahau springi ilikokaa uende ukachungulie. Inua kifuniko cha raba cha silinda. Unyevu kidogo unavumilika, mafuta yanayochuruzika hayavumiliki. Pitisha ukucha ndani ya silinda: ikiwa laini, raba mpya zinatosha, ukucha ukikwama kwenye vishimo, badilisha silinda nzima, kwa kuwa raba mpya kwenye kutu ni kununua wiki mbili. Kisha toa upepo, ukianza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Mtu mmoja kwenye pedeli, mwingine kwenye nipeli: pampu, shika, fungua, funga, ndipo aachie. Kopo la mafuta lisikauke katikati ya kazi, la sivyo mnaanza upya na yule mtoto mliyemkalisha kwenye pedeli amekwisha choka.

Salamu za pekee kwa ndugu zetu wanaokuja Krismasi kutoka Dar es Salaam. Mmetembea kama kilomita 1,400, nyingi zikiwa tambarare, na gari lilisimama kila mlipoliambia. Hilo halijathibitisha kitu. Huku milima inaanza mkiwa mmechoka, na miteremko yetu mingi inaelekea ziwani.

Na wewe abiria wa kiti cha mbele, ambaye mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yako: ukimwona dereva anapampu pedeli mara tatu kabla ya kila kona, usimuulize kama breki ziko sawa, atakwambia ziko sawa. Mwambie umesahau kitu, shuka, na udai nauli yako.