Kwa Heshima ya Gari Lisilopanda

Land Cruiser ina wapambe wake, na mabasi mapya ya Kigali hupigwa picha siku yanapozinduliwa. Toyota HiAce ya dizeli, mtumba, injini ya 2L ya sentimita za ujazo 2,446, isiyo na turbo, haina hata ubeti mmoja. Leo, hapa Rusizi ya Kwanza, mahali barabara ya Kamembe inapokoma na daraja la Bukavu linapoanza, tuvue kofia. Inakuja. Subirini kidogo, inakuja.

Nasaba yake ni ya heshima. Tangu mwaka 2005 Rwanda iliyafungia mlango magari ya abiria yenye usukani kulia, kwa hiyo ile mitumba ya Japani iliyojaa Dar es Salaam na Bujumbura sisi huionea wivu tu. Yetu ina usukani kushoto. Imezeeka Ulaya, ikastaafu huko, ikapanda meli, na katika umri ambao binadamu hulea wajukuu ikapewa kazi ya kubeba watu 18 na magunia ya mchele kutoka Bugarama. Hailalamiki. Inakohoa tu.

Fadhila ndogondogo sitazikalia. Haiibiwi, maana mwizi atakimbia nayo wapi? Moshi wake hufukuza mbu wa mashamba ya mpunga, kazi ambayo serikali hulipa watu waifanye. Abiria walioingia hawajuani hushuka wakiwa wameshapangiana mahari.

Lakini fadhila yake kuu ni utii wa sheria, na hapo naomba nipewe muda.

Mwaka 2015 ilitoka amri ya rais: magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo, yasizidi kilomita 60 kwa saa. Wenye Coaster walinuna. HiAce yetu haikushtuka. Ilikuwa ikiitii amri hiyo tangu kabla haijaandikwa. Zikafuata kamera za barabarani, zile tulizozibatiza Sofia kwa jina la roboti aliyetembelea Kigali mwaka 2019, na faini ya faranga 25,000 kwa kila aliyenaswa. Wenye magari mepesi wanamlaani Sofia mchana na usiku. Sisi hatuna ugomvi naye. Gari letu hupita mbele yake taratibu, kwa unyenyekevu, na lingekuwa na mkono lingempungia.

Utii huu si wa kulazimishwa, una mizizi katika elimu ya hewa. Dizeli isiyo na turbo hupumua hewa iliyopo, haina cha kuisukumia zaidi, na kila mita 100 inazopanda hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake. Sasa itazameni wilaya tuliyojaliwa. Mto Rusizi unapotuaga kule Bugarama ni mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, pahali pa chini kuliko pote Rwanda. Kamembe imepita 1,500. Ukikodiwa kupeleka harusi Huye, unaingia Nyungwe na kuvuka mita 2,000 na ushee. Na farasi wa injini hii hawakufika 90 hata siku walipotoka kiwandani! Kadiri unavyopanda wanaomba ruhusa mmojammoja, na ukifika msituni umebakiwa na vikongwe.

Hapo ndipo gari linapotoa somo la jiografia bila ada. Barabara ya Nyungwe inapita juu ya mgongo unaogawa maji, upande huu yakielekea Kongo na upande ule Nile, na abiria wa HiAce peke yao ndio wenye nafasi ya kulisimamisha kila tone na kuliuliza safari yake. Watalii hulipa dola kuwatazama mbega. Mbega wa kwetu hukaa matawini wakatutazama sisi, tena bure. Mwaka 2023 UNESCO iliutia msitu huo katika Urithi wa Dunia, miti yake, sokwe wake na ndege wake, ikaisahau HiAce, ambayo nayo ni ya kale na hushinda humo kutwa nzima.

Ila jambo moja. Siku ya ukaguzi, kijana mwenye kompyuta aliniuliza kidhibiti mwendo. Nikamwambia injini yenyewe ndiyo kidhibiti. Hakucheka. Kifaa kilikuwa kimekatika waya: nilipe, nifunge kingine, nirudi nipange foleni upya. Yaani gari ambalo mlimani hata likisukumwa halifiki 60, nililipie lisije likapita 60! Na katika karatasi yote ile hapakuwa na mstari unaouliza kama linaweza kupanda mlima uliopo na watu lilioruhusiwa kubeba. Mwendo wanauogopa. Gari linaloishiwa pumzi kwenye kona, likaanza kurudi nyuma na kondakta akikimbia na jiwe mkononi kuliwahi gurudumu, hilo halina kifaa cha kulipima, basi halipo.

Samahani. Tuendelee na sifa.

Dalali naye anastahili mstari wake. Magari haya huuzwa kwa kuteremka. Mnunuzi hupakiwa Kamembe, dalali hushika usukani, wakashuka hadi huku mpakani, injini inaimba, mshale wa mwendo unacheza, na dalali anaapa: “Unasikia mwenyewe, mzee, hii haijawahi kufunguliwa.” Karatasi husainiwa hapohapo chini, kwa soda moja, kisha dalali hurudi Kamembe kwa pikipiki. Fundi akija kuifungua hukuta hedi ilichomelewa zamani. Hapa kwetu kila kitu kina nguvu kikiteremka. Mto wenyewe, ukishuka kutoka Ziwa Kivu, umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu enzi za Wabelgiji. Tofauti ni kwamba mto haudaiwi na mtu urudi juu na abiria 18.

Hata hivyo dalali huuza kilicholetwa, na kuna waliokileta. Mwaka 2013 Kigali ilipanga upya usafiri wake. Njia ziligawiwa kampuni chache, mabasi makubwa yakaingia, na twegerane, kama tunavyoziita HiAce za abiria, zikaanza kuondolewa mjini. Hazikukatwa vyuma chakavu. Zilielekezwa mikoani, kana kwamba mikoani ni tambarare. Kigali nayo ina vilima vyake, ndiyo, lakini hakuna aliyekunjua ramani akaona kwamba injini zilizoshindwa na vilima vya mji zinatumwa kwenye milima. Na anayezipanda ni mama mwenye beseni la nyanya, anayetaka kulivuka daraja hili kabla soko la Bukavu halijajaa. Akifika saa nne, bei imeanguka na nyanya za chini zimepasuka. Yeye halipwi fidia, na Sofia hana faini ya aliyemchelewesha.

Sasa tunaambiwa Kigali ina mabasi ya umeme, yanapanda kimya, bila moshi. Hongera. Sehemu ya umeme wa nchi hii inatoka kwenye mto huu unaopita chini ya miguu yangu. Umeme huo unapanda hadi Kigali bila kukohoa hata mara moja, na kinachoteremshwa kuja kwetu kwa shukrani ni HiAce.

Basi yeyote anayetia sahihi kuhusu magari ya wilayani nimemwekea kiti cha mbele, kile kilichokaa juu ya injini, chenye joto la kutosha kuchemsha chai. Tunaondoka Bugarama saa kumi na mbili asubuhi, gunia la mchele miguuni. Nauli nitamlipia. Asije na mizigo, na jiwe la gurudumu atalishika yeye.